Hataza ya Ng'ambo Kwenye Meza ya River Road: Hotuba kwa Wachoraji na Waunda Programu

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya wachoraji wa kompyuta, mafundi wa uchapishaji, waunda programu na wanafunzi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mabibi na mabwana, walimu wetu, mafundi mliofunga maduka mapema kule River Road, na wanafunzi mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote. Hamjambo?

Nina swali kabla ya lolote. Ni wangapi humu ndani wamewahi kutumiwa picha na mteja, jina la faili linaishia na herufi HEIC, na kompyuta ikakataa kuifungua? Inueni mikono. Naona mikono ni mingi. Na wengi wenu mlifikiri nini? Kwamba faili imeharibika. Kwamba simu ya mteja ina virusi. Kwamba kompyuta imezeeka. Ndugu zangu, faili ilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa nzima. Picha ile imebanwa kwa mbinu ya video iitwayo HEVC, na mbinu hiyo ina hataza nyingi zenye wamiliki wengi. Kwa hiyo mtengenezaji wa mfumo wa kompyuta ana njia mbili: aiache nje, au ailipie. Microsoft imekuwa ikiuza kiongezo cha kufungulia HEVC kando, senti 99 za dola, kwenye Windows uliyokwisha kuilipia. Kwenye mifumo kadhaa ya Linux, ule mfumo huria wa kompyuta, uwezo huo haumo kabisa ukishaweka mfumo.

Hilo ndilo jambo lililotuleta hapa leo. Si ubovu wa mashine. Ni sheria iliyoingia ndani ya mashine.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Hataza, ile ambayo wengi tunaiita patenti, ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda. Muda wa kawaida ni miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Msiichanganye na hakimiliki. Hakimiliki inalinda kazi uliyoiandika: msimbo wako, mchoro wako. Jirani yako akijifungia chumbani akaandika msimbo wake mwenyewe unaotoa matokeo yaleyale, hajagusa hakimiliki yako. Hataza inashika mbinu yenyewe. Jirani huyo, hata kama hajawahi kukuona wala kusikia jina lako, amekiuka.

Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, sawa na kitabu. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka huohuo, inayosimamiwa na KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, pale South C, inasema mbinu za kihisabati hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Na hataza hufanya kazi nchi kwa nchi. Iliyotolewa Washington haina nguvu Nairobi mpaka mwenyewe awe ameiomba huku pia.

Basi mtu ana haki ya kuuliza: kama haina nguvu hapa, sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu vyombo vyetu vya kazi havitengenezwi kwa ajili ya Kenya peke yake. Programu za michoro kama GIMP, Blender na Inkscape, viendeshi vya kadi za michoro, maktaba (yaani mikusanyiko ya msimbo ulio tayari) za kuchora herufi, vyote vinaundwa na watu walio katika nchi nyingi na vinagawiwa dunia nzima, nakala ileile. Mtunzaji wa programu ya bure akiogopa kushtakiwa Marekani, hakiondoi kipengele kwa Wamarekani tu. Anakiondoa kwa wote. Sheria iliyo kali kuliko zote ndiyo inayoamua chombo kiwe vipi, na chombo hichohicho ndicho kinachofika mezani kwako. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu kila kisa nitakachosimulia kinarudi hapo.

Kisa cha kwanza ni cha kitu kidogo sana. Nataka muone udogo wake.

Kompyuta za zamani zilikuwa na kumbukumbu finyu. Ukitaka kishale cha kipanya kipite juu ya mchoro bila kuuharibu, ungelazimika kuweka akiba ya kila pikseli, yaani kila nukta ya skrini, kinayoifunika, kisha kuirudisha kikiondoka. Njia rahisi zaidi ni hesabu ya biti iitwayo XOR. Biti mbili zikifanana, jibu ni 0; zikitofautiana, jibu ni 1. Chukua pikseli ya mchoro yenye biti 1011. Ichanganye na 1111 ya kishale: unapata 0100, rangi iliyogeuka, na kishale kinaonekana. Sasa kishale kinataka kuhama. Changanya 0100 na 1111 tena: unapata 1011. Pikseli imerudi kama ilivyokuwa, na hukuweka akiba ya kitu chochote.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuifikia hesabu hiyo mwenyewe alasiri moja. Lakini mwaka 1980 ilitolewa hataza ya Marekani namba 4,197,590, ikawa mikononi mwa kampuni iitwayo Cadtrak, na madai yake yaligusa kuchora na kufuta kishale kwa njia hiyo. Autodesk, wenye programu ya uchoraji wa kihandisi AutoCAD, walipata barua ya wakili na wakalipa dola 25,000. Kwa nini walipe? Kwa sababu kupigana mahakamani kungewagharimu zaidi ya hizo. Commodore, waliotengeneza kompyuta za Amiga, hawakulipa kwa wakati, na mwaka 1994 wakazuiwa kuingiza Marekani mashine yao mpya ya michezo, CD32. Aprili mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Sisemi hataza peke yake ndiyo iliyoiua. Ilikuwa na matatizo mengine mengi. Lakini ilikuwa inahitaji sana mauzo yale, na mauzo yale yakafungiwa kwa ajili ya hesabu ya mstari mmoja.

Mnaona ukubwa wa kinachodaiwa na ukubwa wa kinachofungwa? Havilingani hata kidogo.

Sasa nije kwenye kisa ambacho nitakaa nacho zaidi, kwa sababu bado tunakishika kila siku kwenye simu: GIF.

Ndani ya GIF kuna mbinu ya kubana iitwayo LZW. Tuifanye pamoja. Nataka kutuma herufi hizi: p-a-p-a-p-a-p-a. Herufi nane. Kamusi yangu mwanzoni ina herufi p na a tu. Natuma "p", na papo hapo naandika kwenye kamusi neno jipya "pa". Natuma "a", naandika "ap". Sasa "pa" imo kwenye kamusi, kwa hiyo natuma namba yake moja, na naandika "pap". Inayofuata ni "pap", nayo imo: namba moja tena. Inabaki "a". Nimetuma namba tano badala ya herufi nane. Na uzuri wake hasa uko hapa: sikukutumia kamusi. Wewe unayepokea unaijenga kamusi ileile hatua kwa hatua kutokana na namba zenyewe. Ni mbinu nzuri kwelikweli, na aliyeikamilisha, Terry Welch, anastahili heshima yake.

Welch aliieleza hadharani katika jarida la kisayansi mwaka 1984. Waunda programu walisoma, wakaitumia. Wengi hawakujua kwamba mwajiri wake, kampuni ya Sperry, alikuwa ameomba hataza mwaka 1983, ikatolewa Desemba 1985. Mwaka uliofuata Sperry iliungana na Burroughs, ikazaliwa Unisys, na hataza ikaenda nayo. Mwaka 1987 kampuni ya huduma za mtandao, CompuServe, wakatoa muundo wa GIF na kuwahimiza watu wautumie. Watu wakautumia. Wavuti ulipofika, ukajaa GIF.

Kisha tarehe 28 Desemba 1994, katikati ya sikukuu, likatoka tangazo: programu zinazotengeneza GIF zitahitaji leseni. Miaka saba na nusu baada ya muundo kutolewa! Jiulizeni: mtu akinyamaza wewe ukijenga nyumba, ukaezeka, ukahamia, ndipo anakuja na karatasi kwamba msingi ni wake, ungejisikiaje?

Kampuni kubwa za programu za michoro zililipa, zikaendelea. Lakini anayegawa programu bure alipe kwa hesabu gani? Hajui ana watumiaji wangapi. Hana mapato ya kukata asilimia. Leseni ya kulipia kila nakala haiwezi kukaa pamoja na programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kunakili. Kwa hiyo alichoweza ni kuondoa tu. Kuna maktaba iitwayo GD, ambayo seva nyingi za wavuti, hasa zinazotumia lugha ya programu ya PHP, huitegemea kuchora grafu na vitufe. Toleo la 1.6, mwaka 1999, liliondoa GIF kabisa. GIF ilirudi kwenye toleo la 2.0.28, Julai 2004, baada ya hataza kuisha Marekani Juni 2003 na katika nchi nyingine mwaka uliofuata. Katikati hapo, mtu wa Nairobi aliyeweka GD mpya kwenye seva yake hakuweza kutengeneza GIF, katika nchi ambamo hakuna aliyemkataza.

Najua kuna atakayeniambia: lakini si tulipata PNG, muundo mwingine wa picha? Kweli tulipata. Tarehe 4 Januari 1995, wiki moja baada ya tangazo, Thomas Boutell, mwandishi wa GD hiyohiyo, alikuwa tayari ametoa rasimu ya kwanza. Waliojiunga naye walichagua mbinu ya kubana iitwayo Deflate, inayoweza kuandikwa bila kugusa hataza. Wakaongeza rangi milioni 16 badala ya 256, na viwango 256 vya uwazi badala ya kile kimoja cha GIF. Oktoba 1996 ikawa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti. Ni kazi ya fahari, na inafaa ifundishwe vyuoni.

Lakini msisahau gharama. Muundo mpya hauanzi kufanya kazi siku ulipoandikwa. Kivinjari cha Internet Explorer 6, kilichokuwa kwenye kompyuta nyingi mno, hakikuweza kuonyesha uwazi wa PNG sawasawa; nyuma ya nembo palitokea kijivu kibaya. Hilo lilisubiri Explorer 7, mwaka 2006. Miaka kumi! Na PNG haikuwa na mwendo, ndiyo maana hadi leo kichekesho kinachozunguka kwenye kikundi chako cha WhatsApp bado kinaitwa GIF.

JPEG nayo iliguswa, nitapita haraka. Mwaka 2002 kampuni ya Forgent ilitoa hataza ya 1987 na kudai inaifunika JPEG. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kabla ofisi ya hataza ya Marekani kuyakataa madai yake makuu mwaka 2006. Waliolipa walikuwa wamekwisha kulipa.

Wapendwa, jambo la pili ni gumu kuliona kwa sababu linaonekana kama ubovu. Hataza ikizuia njia nzuri, mtunzaji wa programu huzunguka, na mzunguko huo unaonekana kwenye skrini yako kama kazi mbaya. Halafu lawama anaibeba nani? Anaibeba yule aliyekupa programu bure.

Chukueni herufi. Fonti ya TrueType ndani yake ina maelekezo madogo ambayo mchora fonti ameyaandika: ukichora herufi hii kwa ukubwa wa pikseli 12, sogeza mguu huu ukae juu ya pikseli kamili, usikae katikati ya mbili. Andikeni neno "mwanamume" kwa herufi ndogo kwenye skrini ya kawaida. Hesabuni miguu ya wima: m ina mitatu, n ina miwili, u ina miwili. Kila mguu usipokaa sawa, unagawanyika kwenye pikseli mbili za kijivu, na neno zima linakuwa kama limemwagiwa maji. Kiswahili chetu kimejaa m na n na u. Sisi tunaumia zaidi kuliko wengi.

Maktaba inayochora herufi kwenye Linux, na leo kwenye simu za Android, ni FreeType. Ilikuwa na msimbo wa kuyasoma maelekezo hayo tangu zamani. Lakini Apple ilikuwa na hataza juu ya sehemu za utaratibu huo, kwa hiyo msimbo ulizimwa, na FreeType ikalazimika kuwa na kifaa cha kubahatisha miguu ikae wapi. Kazi ya kubahatisha ilikuwa ya ustadi, lakini ilibaki ni kubahatisha. Hataza ziliisha Mei 2010. Julai 2010 toleo la 2.4 likawasha kisoma maelekezo kwa kila mtu. Msimbo wenyewe ulikuwapo miaka yote hiyo, umelala. Ni wangapi waliijaribu Linux kabla ya hapo, wakaona herufi, wakasema "hii kitu ni ya bure na inaonekana ya bure", wakarudi kununua au kuiba ile nyingine?

Mfano mwingine, kwa ndugu zetu wa michezo ya kompyuta. Umbo la vipimo vitatu huvishwa picha, tekscha. Tekscha ya pikseli 1024 kwa 1024, rangi kamili, inakula megabaiti 3. Mbinu ya S3TC inaigawa katika vipande vya pikseli 4 kwa 4. Pikseli 16, kila moja baiti 3, jumla 48. S3TC inahifadhi rangi mbili tu kwa kila kipande, baiti 2 kila moja, halafu inakokotoa rangi mbili nyingine za katikati, theluthi na theluthi mbili ya njia. Kila pikseli inapewa biti 2 za kusema yeye ni rangi ipi kati ya nne. Jumla baiti 8. Zile megabaiti 3 zimekuwa nusu megabaiti, na kadi ya michoro inaifungua yenyewe wakati wa kuchora. Michezo mingi ilitoka na tekscha zikiwa zimeshabanwa hivyo tayari.

Sasa angalieni. Kadi yako ya michoro inaijua S3TC, imo kwenye chuma chenyewe. Lakini Mesa, mkusanyiko wa viendeshi huria vya Linux, haikuthubutu kuibeba. Mtumiaji alipaswa kutafuta mwenyewe maktaba ya pembeni na kuiweka. Asiyejua alianzisha mchezo, akaona kuta nyeusi au mchezo ukazima, akalaumu kiendeshi. Mtu mmoja akaandika mbadala, S2TC, unaotumia zile rangi mbili tu bila za katikati. Ulikwepa hataza, lakini mteremko wa rangi ya anga ukawa ngazi. Hataza iliisha tarehe 2 Oktoba 2017. Mwezi huohuo msimbo ukaingizwa kwenye Mesa. Mwezi huohuo! Hakukuwa na kizuizi cha kiufundi hata kimoja.

Na isidhaniwe ni michezo tu. Mbinu maarufu ya kugeuza picha za CT za hospitali kuwa umbo la mfupa au kiungo, ile ya kupita mchemraba kwa mchemraba, ilichapishwa na Lorensen na Cline wa General Electric mwaka 1987 na ilikuwa na hataza hadi 2005. Mchemraba una pembe nane, kila moja iko ndani au nje ya mfupa, hali 256, ambazo kwa kuzungusha na kubadilishana ndani na nje zinabaki 15. Waliotaka kuikwepa walikata kila mchemraba katika piramidi tano au sita za pembetatu. Matokeo yalipatikana, ila pembetatu nyingi zaidi za kuchora na kuhifadhi, kwenye mashine ambazo tayari zilikuwa zinahema.

Jambo la tatu. Kuna anayesema: mimi sinakili, natumia akili yangu, niko salama. Sikilizeni kisa cha kivuli.

Njia moja ya kuchora kivuli ni kukichukulia kama umbo: kila kitu kinachozuia taa kinatupa nyuma yake umbo la giza. Kwa kila pikseli, unahesabu kutoka kwenye jicho: nimeingia kwenye giza mara ngapi, nimetoka mara ngapi? Zikilingana, pikseli ina mwanga. Inafanya kazi vizuri, mpaka mchezaji mwenyewe aingie ndani ya kivuli. Hapo hesabu inaanza na kosa, na skrini nzima inageuka: penye mwanga giza, penye giza mwanga. Dawa ni kuhesabu kinyume, nyuso zilizo nyuma ya pikseli badala ya zilizo mbele yake, kwa sababu nyuma huko jicho halipo.

John Carmack wa id Software aliifikia dawa hiyo mwenyewe mwaka 2000 akijenga injini ya mchezo wa Doom 3. Lakini Bilodeau na Songy wa Creative Labs, kampuni ya vifaa vya sauti, walikuwa wameifikia pia na kuiombea hataza mwaka 1999, ikatolewa 2002. Kufikia mwenyewe hakumsaidii mtu mbele ya hataza. Doom 3 ilipokaribia kutoka mwaka 2004, id ilikubali kuingiza teknolojia ya sauti ya Creative kwenye michezo yake, ndipo ikaruhusiwa. Mchoraji wa vivuli akalipa kwa sauti. Na mwaka 2011, Carmack alipotaka kuutoa msimbo wa Doom 3 bure, mawakili walisita, ikabidi aandike njia ya kuzunguka: mistari minne mipya na miwili iliyobadilishwa. Sasa fikirieni kijana wa Umoja au wa Kasarani aliyeifikia dawa ileile. Ana sauti gani ya kubadilishana nayo? Ana wakili gani?

Sisemi mvumbuzi asipate chake. Ken Perlin alitoa mbinu yake ya kelele za nasibu, ile inayochora mawingu, marumaru na milima, mwaka 1985 bila hataza. Imo karibu kila mahali panapotengenezwa mandhari kwa hesabu, na mwaka 1997 alipewa tuzo ya kiufundi ya Academy, wale wa tuzo za filamu za Oscar. Mbinu yake iliyoboreshwa, ya simpleksi, ilikuwa bora kihesabu, kwa vipimo vitatu inakokotoa pembe 4 badala ya 8. Hiyo matumizi yake fulani yalifunikwa na hataza hadi Januari 2022, na watu wakaandika OpenSimplex ili kuikwepa. Ipi imeenea zaidi? Ile ya kwanza, ya 1985.

Wenzetu wamekwisha kulipigania hili. Julai 2005 Bunge la Ulaya liliikataa rasimu ya sheria ya hataza za programu kwa kura 648 dhidi ya 14. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, ilisema wazo dhahania halistahili hataza kwa kuwa tu limewekwa ndani ya kompyuta. Hataza nyingi zimeanguka tangu hapo. Nyingi bado zimesimama.

Sasa kazi ya mkono, kwa wanaounda. Ukiuza mchezo au programu yako kwenye duka la mtandaoni linalofika Marekani, umeingia kwenye sheria ya Marekani, hata kama hujatoka Ngara. Orodhesha kila maktaba unayotumia na leseni yake. Leseni za Apache 2.0 na GPL toleo la 3 zina kifungu cha hataza: waliochangia msimbo wanakuruhusu kutumia hataza zao zinazohusu mchango huo. MIT na BSD hazitaji hataza. Na hakuna leseni hata moja inayokukinga na mtu wa nje ambaye hakuchangia. Kosa la kawaida ni kudhani "huria" maana yake "imeshasafishwa".

Ukikutana na namba ya hataza, soma madai mwishoni, si muhtasari mwanzoni. Kinachofungwa ni kile kilicho kwenye madai. Angalia tarehe ya kuwasilishwa na kama ada za kuitunza zimelipwa. Marekani huongeza siku kwa hataza zilizochelewa ofisini, kwa hiyo usijumlishe miaka 20 kwa vidole ukaridhika. Na kama una biashara huko, msomaji awe wakili, kwa sababu anayekiuka kwa kujua anaweza kutozwa fidia hadi mara tatu.

Penye njia mbili, chagua mbinu iliyochapishwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kutambua alama kwenye picha kwa SIFT, kwa mfano, kulifungwa hadi Machi 2020. OpenCV, maktaba ya kuchambua picha, iliiweka pembeni kwa muda mrefu, ikairudisha ndani kwenye toleo la 4.4. Leo itumie bila wasiwasi. Kwa video mpya, mbinu ya kubana ya AV1 iliundwa ili itumike bila ada. Na ukivumbua mbinu ambayo hutaki mtu aifungie, ichapishe kwa maelezo kamili, mahali penye tarehe isiyobadilika. Maelezo ya juujuu hayasaidii: lazima fundi mwingine aweze kuifuata hatua kwa hatua.

Na nyinyi wa River Road, kuhusu ile HEIC. Msimwambie mteja simu yake mbovu. Mwambieni aingie kwenye mipangilio ya iPhone, sehemu ya kamera, miundo ya faili, achague ile inayooana na vifaa vingi. Kuanzia hapo itapiga JPEG. Zilizokwisha kupigwa, azigeuze kwenye simu yenyewe kabla ya kutuma, kwa sababu simu yake ndiyo iliyolipiwa leseni. Na azitume kama faili. Akizituma kama picha za kawaida za WhatsApp zinabanwa tena, na bango la mita tatu litaonyesha kila doa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kipaza sauti kianzie kule nyuma, kwa waliosimama.